Kivu: Bidoni, sufuria na chupa, ngoma ambayo familia nzima inaweza kupiga

Katika kata nyingi za miji yetu ya mashariki, sufuria inayopigwa usiku ina maana moja: wezi wamefika. Wa kwanza kuwasikia anapiga kifuniko, jirani anamjibu kwa basini, filimbi zinafuata, na kwa dakika chache avenyu nzima iko macho. Raia walijipangia njia hiyo kwa sababu usalama ni mdogo na kila nyumba, hata ya maskini, iko na sufuria.

Sufuria hiyo hiyo inaweza kupigwa mchana, watu wakiwa wamekaa pamoja, kwa ajili ya muziki. Mahali pengi duniani watu wanafanya hivyo: watoto, wazazi na wazee wanaunda duara, kila mmoja na kitu cha nyumbani mkononi, na wanapiga mdundo mmoja. Haiombi feza ya kununua ngoma, wala kujua kusoma noti za muziki. Mtoto wa miaka 4 anaweza kukaa kando ya mzee wa miaka 75 na wote wawili wakawa na kazi. Katika likizo hii kubwa, watoto wako parsele kutoka asubuhi mpaka magharibi na wazazi wengi hawana tena kazi, kwa hiyo jambo hili linastahili kutazamwa vizuri. Lakini hapa kwetu lina mashariti yake, na tutayafikia.

Kinu kilitangulia

Kwanza tuondoe wazo kwamba hili ni jambo la wazungu. Simama karibu na wamama wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja. Mtwangio wa kwanza unashuka wakati wa pili unapanda, na hakuna anayehesabu kwa sauti. Akiongezeka mama wa tatu, inabidi kila mmoja apate nafasi yake kati ya mapigo ya wenzake, la sivyo mitwangio itagongana na mikono itaumia. Mpiga ngoma yeyote wa orkestra anajua kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi yake: kuingia katika nafasi ambayo mwenzako amekuachia. Wamama wetu wanaijua tangu wakiwa wasichana wadogo, na hakuna mtu aliyewahi kuwaita wanamuziki.

Upande wa Rwenzori kuna mfano mwingine. Wakonjo wa Uganda, ndugu za Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, wana chombo kinachoitwa endara. Ni vipande vya mbao vinavyolazwa juu ya mashina mawili ya migomba, bila msumari. Watu kadhaa wanakaa pande zote mbili na kila mmoja anapiga sehemu yake. Sauti moja inayosikika kwa mbali imetengenezwa na mikono mingi. Kiisha kucheza, mbao zinakusanywa na migomba inaachwa ioze.

Kisha kuna chupa. Wapenzi wa rumba wanakumbuka gitaa na sauti, wanasahau kwamba mbele ya orkestra kubwa kulikuwa na maringa. Katika miaka ya 1920 na 1930, maringa ilichezwa huko Léopoldville kwa likembe, ngoma ndogo ya ngozi iliyoitwa patenge, na chupa tupu iliyogongwa kwa kipande cha chuma. Chupa ndiyo iliyoshika mwendo, wengine wote waliifuata.

Huko Katanga hadithi iliendelea kwa Kiswahili. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimsikia Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo tunaiita Likasi, na akarekodi wimbo wake « Masanga ». Katika muziki huo wa gitaa la Katanga, mara nyingi rafiki alikaa kando ya mpiga gitaa akigonga chupa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco na mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi, ambako pia chupa ilikuwa na heshima yake: George Mukabi, mpiga gitaa wa magharibi ya Kenya, anajulikana kwa nyimbo ambazo mdundo wake ni chupa ya Fanta. Kwa hiyo kijana wa Goma anayegonga chupa ya Primus kwa kijiko hafanyi utani. Yuko ndani ya desturi iliyo na karibu miaka mia moja.

Pale ngoma ilipokatazwa

Ng'ambo ya bahari, watu waliopelekwa utumwani kutoka kwetu na kutoka Afrika ya Magharibi walifika kwenye vyombo vya nyumbani kwa njia ya uchungu zaidi. Katika kisiwa cha Trinidad, utawala wa Waingereza ulibana ngoma kwa sheria katika miaka ya 1880. Watu walikata mianzi ya urefu tofauti wakaigonga chini. Katika miaka ya 1930, vijana wa mitaa maskini ya Port of Spain waliongeza mikebe ya biskuti na ndoo za takataka, na kisha vita kuu ya pili wakachukua mapipa ya mafuta yaliyoachwa. Waligundua kwamba pipa likigongwa na kubonyezwa sehemu sehemu kwa nyundo, kila sehemu inatoa noti yake. Mwaka 1951 kundi lao, TASPO, lilipiga London. Mwaka 1992 pipa hilo likawa chombo cha taifa, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 11 Agosti kuwa siku yake duniani. Vijana wale mwanzoni waliitwa wahuni na walifukuzwa na polisi.

Huko Cuba, wafanyakazi wa bandari za Havana na Matanzas walikaa juu ya masanduku ya samaki wa chumvi na ya mishumaa, wakayapiga kwa mikono. Kijiko kiligongwa ubavuni mwa sanduku. Hiyo ni rumba ya kule, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2016, miaka mitano mbele ya rumba yetu ya Kongo kuandikwa mwaka 2021. Muziki wa Cuba ulirudi kwetu kwa sahani za GV zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, na wazee wa Léopoldville waliutambua haraka sana. Mtu anaweza kujiuliza kama walitambua gitaa au walitambua lile sanduku.

Kinshasa, shule ya vyuma vikuukuu

Kwa miaka ya karibu, walimu wakubwa wa kazi hii wako katika nchi yetu wenyewe. Konono N°1, kundi lililoanzishwa na mzee Mingiedi katika miaka ya 1960, lilikuwa na shida moja: makelele ya Kinshasa yalimeza sauti ya likembe. Mingiedi alichukua sumaku za vipuri vya magari akatengeneza mikro zake mwenyewe. Wenzake walipiga vyungu na vyuma vilivyookotwa. Ulaya ilipowasikia kwenye albamu « Congotronics » ya mwaka 2004, watu walidhani ni muziki wa mashine za kisasa. Mingiedi alifariki mwaka 2015, akiwa mzee sana.

Fulu Miziki wamelibeba jambo mpaka kwenye jina. Kwa Lingala maana yake ni muziki wa takataka. Bidoni zimekuwa ngoma, mwili wa komputa umekuwa chombo cha nyuzi, mabomba na springi vimekuwa kinanda. Hata nguo zao za jukwaani zinatoka jalalani.

Lakini kwa upande wa rika mbalimbali, mfano ulio bora kwa maoni yetu ni Staff Benda Bilili. Viongozi wake walikuwa watu wazima walioharibiwa miguu na polio, wanaotembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizojitengenezea. Roger Landu alijiunga nao akiwa kijana wa barabarani, mkononi ana satonge: mkebe mtupu, kijiti kilichopindwa na waya mmoja wa umeme. Ngoma yao nayo iliungwa kwa vitu vilivyookotwa. Walifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, na albamu yao « Très Très Fort » ilitoka mwaka 2009. Mwaka uliofuata filamu juu yao ilionyeshwa Cannes. Watu wanapenda kusimulia safari hiyo ya Cannes. Sisi tunavutiwa zaidi na yale mazoezi: watu wa miaka 50 na mtoto asiye na nyumba wakikaa pamoja kila siku, na mkubwa akisubiri mdogo apate mdundo.

Kinachotokea ndani ya duara

Wanasayansi wamejaribu kupima faida ya kupiga pamoja, na majibu yao yanafaa kusomwa bila kuyaongezea chumvi. Huko London, utafiti uliotoka mwaka 2016 ulifuata watu waliokuwa wakitunzwa kwa matatizo ya akili na waliopiga ngoma kwa kundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Wasiwasi na huzuni vilipungua kwao kuliko kwa wale ambao hawakupiga, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa ingali ipo. Watu waliofuatwa walikuwa wachache, na hakuna aliyesema ngoma inachukua nafasi ya dawa au ya mganga wa akili.

Utafiti mwingine, wa Canada, wa mwaka 2014, ulihusu watoto wachanga wa miezi 14. Mtoto alibebwa na kurushwarushwa taratibu huku mtu mwingine akiruka mbele yake. Pale mtu huyo aliporuka kwa mwendo mmoja na mtoto, baadaye mtoto alimsaidia zaidi kuokota vitu alivyoangusha. Mama yeyote anayebeba mtoto mgongoni huku akitwanga atauliza kwa nini walihitaji maabara kwa hilo.

Hapa Kivu jambo hili lina uzito wake. Tangu mapigano yaliyofika Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, kuna parsele ambamo wanalala jamaa mbili au tatu pamoja: wenyeji, ndugu waliokimbia kutoka vijijini, watoto wa watu wengine. Mara nyingi hawajazoeana. Mzee aliyeacha shamba lake na ng'ombe wake anakaa siku nzima kwenye kiti bila kazi, na hakuna anayemwuliza kitu. Mpe chupa na kijiko, umwombe ashike mwendo, na kwa nusu saa watoto wote watamwangalia yeye. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha.

Bidoni gani, na kwa mdundo gani?

Swali la kwanza ni la mwenye nyumba: bidoni ipi? Bidoni ya njano ya litre 20 ndiyo maji ya familia. Ikipasuka, kuna safari mbili badala ya moja, na mahali ambapo kipindupindu hakijaisha hilo si jambo la kuchezea. Kwa hiyo tumia ile iliyokwisha kupasuka, ile ambayo hata fundi wa kuziba plastiki kwa chuma cha moto ameshindwa nayo. Bidoni ndogo za mafuta ya kula, za litre 5, zinafaa kwa watoto. Usichukue kamwe bidoni iliyobeba dawa ya mashamba, asidi au mafuta ya gari, hata kama imeoshwa. Watoto wataweka midomo humo.

Igeuze bidoni, kitako kiwe juu, uipige katikati kwa kiganja. Utapata sauti nzito. Karibu na pembe, sauti inapanda. Jaribu na kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha wazi, uchague unayoipenda. Sufuria iliyotulizwa juu ya kitambaa inakohoa tu, lakini ukiininginiza kwa mshikio wake inalia kama kengele. Vifuniko vya chupa za bia, vikitobolewa na kupigiliwa msumari kwenye kijiti bila kukazwa, vinatoa sauti nzuri ya kutikisa, na mtoto mdogo anaipata mara moja, mradi mkubwa akague msumari usitokeze. Basini ya plastiki iliyo na maharagwe machache ndani ni mvua.

Chupa ina siri ambayo watoto wa shule watafurahi kuigundua. Ukiigonga kwa kijiko, kadiri unavyoongeza maji sauti inashuka. Ukipuliza mdomoni mwake, kadiri unavyoongeza maji sauti inapanda. Katika kugonga, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji, na maji yanakitia uzito. Katika kupuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki, na inazidi kuwa ndogo. Mwalimu wa fizikia anaweza kupata somo zima hapo bila chaki.

Kwa mdundo, anzeni na hesabu ya 1 mpaka 16, polepole, ikirudi bila kukatika. Bidoni kubwa inapigwa kwenye 1, 5, 9 na 13. Watoto wadogo wanapiga makofi kwenye 5 na 13 tu. Mwenye chupa anagonga kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Mara chache za kwanza mtapotea, hasa kwenye ile 11, kisha ghafla wazee wataanza kutikisa mabega, kwa sababu mapigo hayo matano yako ndani ya nyimbo nyingi za rumba walizozicheza ujanani. Mkifika hapo, msiongeze haraka. Kosa la karibu makundi yote ni kukimbia. Anayeongoza asiwe lazima mwenye nguvu nyingi, awe yule asiyekimbia, na mara nyingi huyo ni mama wa kinu.

Baadaye mmoja anapiga kitu kifupi na wengine wanamjibu. Zamu izunguke. Mtoto anayeona haya apewe zamu ya kuamua kimya: akiinua mkono, wote wanaacha. Ni ajabu jinsi watoto wanyamavu wanavyopenda kazi hiyo.

Sauti zinazoogopesha

Sasa yale mashariti. La kwanza ni saa. Sufuria ikipigwa kisha giza, majirani watatoka na fimbo, na wiki ijayo wezi wakija kweli hakuna atakayeamka. Pigeni mchana. Saa kumi za jioni (16h) mpaka saa kumi na moja (17h) inafaa kwa nyumba nyingi, mbele ya moto wa chakula kuwashwa. Mjulishe chefu wa avenyu na majirani wa pande zote mnapoanza siku ya kwanza. Kama kuna matanga karibu, acheni mpaka yaishe. Kama kuna mgonjwa, ulizeni.

La pili ni zito zaidi. Kuna watoto, na watu wazima pia, ambao wakisikia mlio wa ghafla wanajitupa chini. Manjanja yaliyopigwa kwa kipande cha chuma yanafanana mno na mlio wa risasi. Tumeona watu wakiwacheka wanaoshtuka hivyo, na si jambo la kuchekwa. Kwa sababu hiyo msianze na vyuma. Anzeni na viganja juu ya bidoni, sauti nzito na za chini, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Fungeni kitambaa au kipande cha mpira wa tairi ya ndani kwenye ncha ya kijiti. Sema wazi mbele ya kuanza: sasa tutapiga, na mkono huu ukiinuliwa tunaacha. Mtu anayejua sauti inatoka wapi na itaisha lini haiogopi kwa namna ile ile. Na asiyetaka kukaa ndani ya duara akae mlangoni, aangalie. Wengi wanaingia siku ya tatu au ya nne. Mtoto anayelia, asiyelala au asiyezungumza tangu mapigano apelekwe kwenye kituo cha afya, maana bidoni haitamponya.

La tatu ni masikio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki bila hatari, lakini kwa desibeli 90 ni masaa 4 tu, na kwa 100 dakika kama 20. Sufuria ndani ya chumba kidogo chenye manjanja juu inafika huko haraka. Kaeni nje, chini ya mti, na watoto wachanga wawe mbali kidogo na vyuma. Kama mnalazimika kupaza sauti ili mwenzenu wa karibu awasikie, mmezidisha.

Nusu saa inatosha kwa siku za kwanza. Kabla watu hawajatawanyika, mwombeni mzee mmoja apige mdundo wa kwao, wa Masisi, wa Kalehe, wa Fizi au wa Lubero, kwa chupa au kwa kitako cha bidoni, na kijana mwenye simu aurekodi pamoja na jina la mdundo, mahali unapotoka na siku unapopigwa: arusi, mavuno au maombolezo. Mingi kati ya midundo hiyo haijawahi kurekodiwa na mtu yeyote, na wanaoijua wako katika parsele zetu wakati huu, kwa sababu vita iliwatoa kwao.